Kutafuta ruzuku ukiwa Pemba: websaiti ipi ina maana na ipi inakula bando tu

Niseme mapema ili asiyekuwa na muda wa kusoma refu aende zake: kama jumuiya yenu ni ndogo kama yetu, iko shehiani, haina mtu anayelipwa mshahara na hesabu zenu ziko kwenye kaunta buku, msilipie websaiti yoyote ya kutafutia wafadhili. Yoyote ile. Pesa hiyo mpeni mkaguzi wa hesabu, halafu mambo mengine yote myatafute bure kwa njia ntakazosema huko chini. Anayebisha aendelee kusoma.

Mie ni katibu wa jumuiya moja wilaya ya Micheweni, kina mama wa mwani, upandaji wa mikoko, na vijana kidogo wanaotaka kufanya mambo yao ya ufugaji wa kaa. Kazi ya kutafuta ruzuku imeniangukia mie si kwa sababu najua kuliko wenzangu, ni kwa sababu ndo mwenye laptop. Basi katika kuhangaika huko nimepita kwenye hizi huduma karibu zote zinazotajwatajwa kwenye magrupu ya WhatsApp, za kulipia na za bure, na kila siku kuna mtu ananiuliza "yakhe ile nayo vipi, ina kitu?" bas nimeona niandike sehemu moja.

Nianze na zile za kulipia za matangazo. Kuna moja sitaitaja jina, tuliilipia na tukaitumia mpaka uanachama ukaisha. Unajua zinavyofanya kazi: unapewa kichwa cha habari kikubwa, RUZUKU KWA ASASI ZA AFRIKA, unasoma mistari mitatu, halafu pazia, lipa usome zaidi. Tukalipa kwa kadi ya mwenyekiti. Pazia likafunguka, ndani mna maelezo yale yale yaliyoko kwenye websaiti ya mfadhili mwenyewe, yamepangwa upya kidogo, na linki chini inakurudisha huko huko kwa mfadhili ambako ungekwenda bure. Nyengine dedilaini imepita. Nyengine ukifika kwenye masharti unakuta lazima uwe umesajiliwa nchi za Ulaya. Na mwaka ulipokaribia kwisha wakataka kukata tena kwa kadi ile ile bila ya kuuliza, mwenyekiti alipopata meseji ya benki akanipigia simu usiku, sitaki hata kukumbuka alivyosema. Kama unapenda kusoma matangazo fundsforNGOs wana sehemu ya bure na barua pepe zao za bure, hizo zinatosha kabisa kujua nini kinaendelea, nyota tatu, si mbaya, lakini jua kwamba tangazo unalolisoma wewe Konde linasomwa saa hiyo hiyo na watu wa Kampala, Kathmandu na Lagos wenye watu wa kuandika maandiko wanaolipwa kwa kazi hiyo tu.

Na hapo ndo penye hoja yangu yote. Tangazo ni sehemu ya mwisho ya kutafuta pesa. Ukisubiri tangazo uko kwenye foleni ya watu maelfu. Kinachosaidia ni kujua nani ALISHATOA pesa jirani na kwenu, kwa kazi inayofanana na yenu, kiasi gani, na kwa mlango gani. Mtu aliyewahi kutoa Makangale au Paje huhitaji kumuelezea Zanzibar iko wapi.

Sasa wakubwa wa kazi hiyo duniani ni Candid, Wamarekani. Hawa walizaliwa 2019 pale Foundation Center, iliyokuwepo tangu 1956, ilipoungana na GuideStar. Orodha yao ya wafadhili ni kubwa kweli, unaweza kuchuja kwa nchi, kwa aina ya kazi, kwa kiasi, unaona mfuko fulani umetoa nini kwa nani. Kama ni ubora wa chombo chenyewe mie nawapa nyota nne na nusu. Lakini bei ni ya mtu aliyeko New York. Wana maktaba na vituo ambapo unaingia unatumia bure, raha sana, ila vingi viko Marekani huko. Na ile alama ya heshima wanayoipa asasi kwenye profaili zao, inataka uwe na namba ya kodi ya Marekani, jumuiya iliyosajiliwa kwa Mrajis (msajili wa jumuiya) wa Zanzibar haina. Kitu chao cha kuchukua ni mafunzo, wana kozi za bure mtandaoni za kuandika andiko na bajeti, Kiingereza chake chepesi, nimewapitisha vijana wetu wawili na andiko lao la mwanzo lilikuwa linasomeka. Instrumentl nayo ni ya aina hiyo hiyo, nzuri, imetengenezwa kwa asasi za Marekani, na bei yake ni zaidi ya dola 100 kwa mwezi. Kwa mwezi jamani. Kuna kina mama hapa mwani wa msimu mzima haufiki huko.

Lakini sikilizeni, hao wote wanaouza, sehemu kubwa ya data yao ya Marekani inatoka kwenye karatasi ambazo ni za bure na za wazi kisheria. Kila mfuko binafsi wa Marekani, ile mifuko ya kifamilia ya matajiri, lazima ujaze kila mwaka fomu ya kodi inaitwa 990-PF, na fomu hiyo mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma. Ndani mna orodha ya kila ruzuku waliyotoa mwaka ule: jina la aliyepewa, anuani, madhumuni, kiasi. Na hawatoi kwa roho nzuri tu, sheria inawataka watoe karibu asilimia 5 ya thamani ya mali zao kila mwaka, kwa hiyo pesa lazima itoke, suala ni iende wapi.

Pa kuzisoma ni ProPublica, ile ya waandishi wa habari, wana kitu kinaitwa Nonprofit Explorer. Bure. Hujisajili, huachi namba ya simu, hawakutumii meseji. Nyota tano na ningekuwa na ya sita ningewapa. Kuna sehemu ya kutafuta jina la asasi na kuna sehemu ya kutafuta neno ndani ya fomu zenyewe, hiyo ya pili ndo dhahabu. Andika Zanzibar uone.

Tahadhari moja kwa ndugu zangu wa huku: usiandike Pemba peke yake. Itakuletea Msumbiji, maana wao wana mji unaitwa Pemba kule Cabo Delgado, na kule wafadhili wamejaa. Nlifurahi mwanzo nikadhani tumependwa, kumbe. Andika Pemba pamoja na Zanzibar, au Pemba Island, halafu jaribu na Chake Chake, Wete, Mkoani, Unguja. Hata majina waliyoyakosea, kuna mahali wameandika Chake tu mara moja.

Sasa namna ya kuisoma hiyo fomu. Nliprinti moja pale steshenari Wete nikampelekea mweka hazina wetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, bi mkubwa asiyetaka kabisa kusoma kitu kwenye kioo cha simu. Akavaa miwani, akatoa kalamu nyekundu, akaanza nayo kama anasahihisha mtihani wa darasa la saba. Kurasa za mwanzo za uwekezaji akazipita, akafika kwenye orodha ya ruzuku akaanza kuzungushia duara. Huyu dola elfu kumi, huyu elfu ishirini na tano, huyu yule yule mwaka wa nyuma, "unaona mwanangu, hawa hawapendi wageni, majina ni yale yale." Nikamwambia Mwalimu lakini wamempa asasi ya Tanzania. Akasema ndio, mmoja, mwaka wa tatu huu, tumtafute huyo aliyepewa si huyu aliyetoa. Halafu akarudi juu kidogo ya orodha, akaweka kidole kwenye kijisanduku kimetiwa alama, "na hichi?"

Hicho kijisanduku, jamani, ndo kitu muhimu kuliko vyote kwenye fomu ile na watu hawakioni. Kiko sehemu ya maelezo ya ziada, kabla ya orodha ya ruzuku. Kikitiwa alama maana yake mfuko huu unawapa tu asasi ambazo wenyewe wameshazichagua na haupokei maombi yasiyoitwa. Basi. Funga karatasi, usiwaandikie, utapoteza wiki mbili za andiko. Kikiwa hakijatiwa alama, pale chini yake wanatakiwa waandike maombi yapelekwe kwa nani, anuani, yawe katika sura gani, mwisho wa kupokea lini, na mipaka yao ni ipi, mfano wanatoa jimbo fulani tu. Yaani unajibiwa maswali yako yote kabla hujauliza. Yule bi mkubwa alivyoelewa hicho kijisanduku alizichambua fomu tulizokuwa nazo kuwa mafungu mawili kwa haraka mie nashangaa, na fungu la "usijisumbue" lilikuwa nene mara nyingi zaidi.

Lakini fungu nene nalo si la kutupa. Mfuko uliofunga mlango unakuonesha nani kaingia. Ukikuta asasi ya Unguja au Tanga au Kilifi imepewa kwa kazi ya mwambao, wapigie simu hao, waulize walifikaje. Mara nyingi jibu ni kwamba kuna mtu aliwatambulisha. Segal Family Foundation kwa mfano wanasaidia asasi za wenyeji Afrika Mashariki, Tanzania imo, na wanasikiliza sana asasi ambazo tayari wanafanya nazo kazi. Mlango wako wewe wa kuingilia ni jirani yako aliyekwisha ingia.

Kasoro za hizo fomu pia niseme. Moja, zinachelewa, unachokisoma leo kinaweza kuwa cha mwaka juzi, maana wanapewa miezi kadhaa kujaza na wanaruhusiwa kuongezewa muda. Mbili, kwa ruzuku za nje ya Marekani hiyo orodha yenye majina ni ya mifuko binafsi tu. Mashirika makubwa yanayokusanya pesa kwa watu yanajaza 990 ya kawaida, na za nje ya nchi zinakaa kwenye kiambatisho F, hapo utaona "Afrika kusini mwa Sahara" na kiasi, jina la asasi hutaliona. Kwa hiyo ukitafuta Zanzibar ukakosa usidhani hakuna.

Kitu chengine ambacho hakuna websaiti ya kulipia iliyotwambia mpaka tulipokutana nacho wenyewe: mfuko wa Marekani ukitaka kuipa asasi isiyo ya Marekani, sheria ya kodi yao inawapa kazi ya ziada. Ama wathibitishe kwamba jumuiya yenu ni sawasawa na asasi ya hisani ya kwao, ama wabebe dhima ya kufuatilia kila senti mliyotumia na kuiripoti serikalini kwao. Mifuko midogo mingi inaona taabu inaacha. Ndo maana unaandika barua nzuri unajibiwa kwa upole "hatutoi nje". Kwa njia ile ya kwanza kuna NGOsource, ilianza 2013, inafanya huo uthibitisho kwa niaba ya wafadhili, na anayelipa ni mfadhili, jumuiya haijiombei wenyewe. Wanataka katiba, hesabu, majina ya bodi, na katiba iseme wazi kwamba jumuiya ikivunjwa mali haigawiwi kwa wanachama. Angalieni katiba zenu hapo! Nyingi za huku zilinakiliwa kutoka kwa jumuiya nyengine na kifungu cha kuvunjwa kinasema mali itagawiwa kwa wanachama baada ya kulipa madeni. Kwa ushirika wa mwani sawa. Kwa kupata ruzuku ya Marekani umekwama.

Upande wa Uingereza nao mambo ni wazi kuliko tunavyodhani. GrantNav, ya watu wa 360Giving, ni bure, wafadhili wa Uingereza wanamwaga humo data ya ruzuku zao na wewe unatafuta neno unalolitaka. Andika Zanzibar tena. Wengi waliopewa utakuta ni asasi za Uingereza zenyewe, si za huku, na hapo watu wanakata tamaa wanafunga. Usifunge. Chukua jina la hiyo asasi uende kwenye rejista ya Charity Commission ya England na Wales, nayo bure, kule unaweza hata kuchuja asasi zinazofanya kazi Tanzania, na asasi yenye mapato zaidi ya pauni 25,000 kwa mwaka hesabu zake zinawekwa pale pale uzisome. Ripoti ya mwaka inakwambia wanafanya kazi na nani Zanzibar, shehia gani, na wanapanga nini mwakani. Hao ndo wa kuwaandikia barua fupi, si kuomba pesa, ni kusema sisi tuko hapa na tunafanya hichi. Nyota nne. Ningewapa tano lakini data inategemea mfadhili mwenyewe akubali kuweka, na si wote wanaoweka.

Grants.gov nitapita haraka. Ni ya serikali ya Marekani, bure, imepangika, na ilikuwa na maana kubwa zaidi kabla ya Januari 2025. Pale misaada iliposimamishwa kwa siku 90 watu walidhani ni mapumziko, ikafika tarehe 1 Julai 2025 USAID yenyewe ikaacha kuendesha miradi ya nje na kilichobaki kikachukuliwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya kwao. Hapa visiwani kuna watu walipoteza kazi na maafisi yakafungwa milango, sina haja ya kueleza. Bado yapo matangazo ya kutafuta huko lakini kabla ya kuomba unatakiwa uwe umesajiliwa SAM.gov, rejista ya serikali yao, na upate namba ya UEI, ile ya kuitambulisha asasi. Vyote hivyo ni BURE. Nasema kwa herufi kubwa kwa sababu ukishajisajili tu barua pepe yako inaanza kupokea watu wanaojifanya wa serikali, usajili wako unakaribia kwisha, lipia hapa. Si wao. Futa.

Umoja wa Ulaya wana lango lao la ruzuku na zabuni, na wa Tanzania unaangalia pia kurasa za ujumbe wao Dar es Salaam. Lango lenyewe linachosha, mie nawapa nyota mbili kwa urahisi wa kutumia, unabonyeza unapelekwa, unabonyeza unarudishwa, na kwa intaneti ya huku ikifika saa mbili usiku ndo basi tena. Kujisajili kwenyewe tu ni shughuli. Na viwango vyao si vyetu, wanazungumza laki na laki za euro na wanataka asasi ichangie asilimia yake. Kwa jumuiya ya shehia hiyo ni ndoto ya mchana. Ila kuna upenyo. Miito yao mingi inamruhusu mshindi, shirika kubwa, kugawa ruzuku ndogo kwa asasi za chini, na kiwango cha kawaida ni hadi euro 60,000 kwa kila mmoja. Kwa hiyo unachotafuta kwenye lango lile si wito, ni orodha ya walioshinda. Ukimjua aliyeshinda mradi wa uchumi wa buluu au wa haki za wanawake unakwenda kumuuliza, ruzuku ndogo mtatoa lini. Wakati anapotangaza wewe unajulikana tayari.

Balozi ndo sehemu inayodharauliwa na hapo mie siwaelewi watu. Japani wana mpango wao wa misaada ya ngazi ya chini, ule wa usalama wa binadamu, upo tangu 1989, kwa miaka mingi kiwango cha kawaida kilikuwa hadi yeni milioni 10 kwa mradi, na wanapokea asasi ndogo, hata skuli na serikali za mitaa. Wanapenda vitu vinavyoonekana: madarasa, kisima, vifaa vya zahanati. Mishahara hawatoi, uendeshaji hawatoi, semina na posho usiwaguse nazo kabisa. Ukiwapelekea andiko la "kujenga uwezo" utajibiwa kwa adabu sana na hutapata kitu. Canada nao wana mfuko wao wa miradi ya wenyeji unaopitia ubalozi wao Dar, mara nyingi wito mmoja kwa mwaka na muda wa kufanya mradi ni mfupi, kwa hiyo andiko liwe tayari kabla ya wito, wito ukitoka unabadilisha tarehe tu. Hizi huduma mbili hazina websaiti ya kupendeza, ni ukurasa mmoja na faili la kupakua, lakini kwa uwiano wa taabu na matumaini hakuna kinachozishinda.

Kwa mazingira upo mpango wa ruzuku ndogo wa GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, unaosimamiwa na UNDP, tangu 1992, kwa miaka mingi kiwango cha juu kwa mradi wa kawaida kilikuwa dola 50,000, na umeshafika Zanzibar. Mikoko, uvuvi, misitu, hao ndo wake. Foundation for Civil Society ya Dar nayo inatoa bara na visiwani. Kwa mtu wa Pemba, kabla ya yote hayo, pita Chake PACSO, mwamvuli wa asasi za huku, na kwa Unguja ANGOZA. Afisi za namna hii hazina programu ya simu wala nyota mtandaoni, lakini ukikaa pale barazani nusu saa unasikia nani katoa wito, nani karudishiwa andiko na kwa sababu gani. Hiyo "kwa sababu gani" hakuna Mmarekani anayeiuza.

Sasa washauri. Wale jamaa wa "nakuandikia andiko, pesa ikitoka unanipa asilimia kumi." Tulimchukua mmoja, sitamtaja, mjini anajulikana. Alitaka kianzio kwanza. Andiko likaja limefungwa vizuri, jalada la rangi, picha ya mwani ambao si wetu. Mwalimu na kalamu yake nyekundu akafika ukurasa wa bajeti, akakuta mizinga ya nyuki. Mizinga ya nyuki hamsini, na mavazi ya kurinia. Kina mama wa mwani! Akageuza ukurasa wa pili akakuta na jina la kijiji cha bara huko. Kianzio hakikurudi mpaka leo. Na hata kama angeandika vizuri, hiyo asilimia yenyewe ni tatizo, maana chama cha wachangishaji wa Marekani, AFP, maadili yao yanakataza kabisa malipo ya asilimia ya ruzuku, na wafadhili wengi hawakubali pesa ya mradi ilipe kazi iliyofanyika kabla ya mradi. Kwa hiyo hiyo asilimia kumi mngeitoa wapi? Mngeiiba kwenye bajeti ya mwani mkaiandika kitu chengine, halafu mkaguzi akija mtamwambia nini. Kama mnataka mtu wa kuwasaidia, mlipeni kwa kazi, bei mmekubaliana kabla, na andiko liandikwe mkiwa mmekaa naye. Nyota sifuri kwa mtindo ule.

Na wale wanaoandikisha andiko zima kwa ChatGPT siku hizi, kwa kusahihisha Kiingereza sawa, sina neno. Ila nimeshasoma maandiko ya jumuiya nne tofauti yenye sentensi moja ya kuanzia, neno kwa neno, na mfadhili naye anayasoma yote manne.

Nimesema hapo juu pesa mpeni mkaguzi. Niseme kwa nini. Kila mlango niliotaja, wa bure na wa kulipia, mwisho wake unafika kwenye fomu inayouliza cheti cha usajili, katiba, akaunti ya benki kwa jina la jumuiya yenye watia saini zaidi ya mmoja, na hesabu zilizokaguliwa, mara nyingi za mwaka mmoja hadi mitatu. Sisi tulisajiliwa kwa Mrajis chini ya Sheria ya Jumuiya namba 6 ya 1995, cheti tunacho, lakini fomu nyengine za mtandaoni zimetengenezwa kwa kufikiria bara tu, zinataka namba ya usajili wa NGO wa kule, na kwenye orodha ya nchi hakuna Zanzibar. Hapo usilazimishe namba isiyokuwa yako. Waandikie barua pepe, waeleze kwamba asasi za huku zinasajiliwa Zanzibar kwa sheria ya Zanzibar, ambatanisha cheti. Tuliowaandikia wengi walielewa. Hesabu ndo mtihani. Kaunta buku ya Mwalimu ilikuwa safi kuliko maafisi makubwa, kila risiti imepigwa pini, lakini bila ya barua ya mkaguzi mfadhili anaona kaunta buku tu. Tulipopata ripoti ya kwanza ya ukaguzi, fomu ambazo zamani tulikuwa tunazikimbia tukawa tunazijaza jioni moja.

Swali langu sasa kwa wa Unguja na wengine: kuna jumuiya yoyote ya visiwani imeshapitishwa na NGOsource mpaka mwisho? Walikubali kaunta buku ya miaka ya nyuma pamoja na ripoti moja ya mkaguzi, au walitaka miaka yote ikaguliwe? Na katiba mliibadilisha kwanza kwa Mrajis au mlipeleka azimio la mkutano tu? Mwenye jibu aandike, Mwalimu anasubiri na kalamu yake.